Bombadia, Dash 8, De Havilland: hii pangaboi ni ya nani hasa?

Mruhuwiko

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimepanda ndege kutoka Dar kwenda Songea, msibani. Nilipewa siti ya dirishani, chini ya bawa, panga linazunguka mbele yangu kidogo. Tulipoachana na ardhi nikaona kitu ambacho sikukitarajia: mguu mzima wa ndege, na matairi yake mawili, ukajikunja kurudi nyuma na kumezwa na lile pipa la injini, vifuniko vikafunga kama vile hapakuwahi kuwa na kitu. Nilisahau hata maji niliyopewa.

Sasa kilichonileta. Mjomba wangu na mtaa mzima wanaiita Bombadia. Kwenye tiketi wameandika DH4. Kile kikaratasi cha usalama kwenye mfuko wa siti kinasema Dash 8-400. Nikaingia mtandaoni, nakutana na De Havilland, mara Boeing, mara Viking. Hii ndege ina baba wangapi?

La pili. Kazini kuna jamaa ananicheka kwamba nimepanda pangaboi, teknolojia ya mababu, wenzetu wamehamia jeti tangu hatujazaliwa. Nikakosa la kumjibu. Kuna chochote hao watu wamewahi kuvumbua, au wanarudia ya kale tu? Wajuzi naomba mnieleweshe, ila kwa lugha ya sisi wa mtaani.

Chapakazi

Mwambie huyo jamaa jeti nayo ina pangaboi, wameificha ndani ya pipa tu asiione. Mimi si fundi, napita. Naweka kiti hapa nisubiri wajuzi.

FundiMstaafu

Chapakazi anatania lakini hajakosea. Ngoja niweke miwani.

Nimeshika spana za ndege tangu 1981 hadi macho yalipoanza kukataa, Dar kwanza, baadaye uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mikono yangu ilikuwa ndani ya ndege za hao hao unaowauliza. Kwa hiyo nitasema kwa upendeleo, nimekuonya.

Tuanze na baba. Mwenye jina ni Geoffrey de Havilland, Mwingereza, aliyeanzisha kampuni yake 1920. Mwaka 1928 kampuni ikafungua tawi Toronto, Kanada, la kuunganisha vindege vidogo vilivyoitwa Moth. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, tawi likaunda Mosquito zaidi ya 1,000, ndege ya kivita ya mbao. Mbao kweli, za kubandikwa kwa gundi. Vita ilipoisha Wakanada wakaanza kuchora ndege zao wenyewe. Halafu wenye mali wakaanza kupokezana: serikali ya Kanada ikainunua 1974, ikawauzia Boeing 1986, Boeing wakawauzia Bombardier 1992, na 2019 Bombardier wakawauzia wenye kampuni ya Viking, ambao wakarudisha jina la zamani, De Havilland Canada. Ni kama nyumba ya Kariakoo, imeuzwa mara nne lakini wapangaji ni wale wale. Ndege zetu za mwanzo za aina hii, zile za 2016, zilitoka kiwandani enzi za Bombardier, ndiyo maana mjomba wako jina limemgandia mdomoni. Ila hiyo D na H ya kwenye tiketi yako ni De Havilland. Katika kuuzwa kote huko hakuna aliyeigusa.

Sasa wamevumbua nini. Hapo ndipo nakaa vizuri.

Mwaka 1946 na 1947 walitaka ndege ya kuuza kwa watu wa kaskazini ya Kanada, kule kwenye misitu na maziwa, hakuna barabara wala uwanja. Walikuwa na mtu anaitwa Punch Dickins, rubani mkongwe wa maeneo hayo. Akawafuata marubani wenzake, wale wanaobeba mizigo kila siku, akawauliza: ninyi mnataka ndege ya namna gani? Majibu yakarudi, wachoraji wakachora. Ikatoka Beaver, ikaruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947. Injini moja ya farasi 450, mwili wa bati mtupu, unaweza kuivisha matairi, maboya ya kutua majini au mbao za kuteleza kwenye theluji.

Lakini nataka nikuoneshe vitu viwili vya Beaver ambavyo fundi yeyote akivisikia anatabasamu. Kimoja, milango yake waliipima kwa pipa. Lile pipa la mafuta la lita mia mbili na kidogo unalolijua wewe, linaingia kwa kubiringishwa. Cha pili, oili ya injini unaijaza ukiwa ndani ya chumba cha rubani, kuna mdomo wake hapo karibu na miguu. Kwa nini? Kwa sababu nje kuna baridi ya kukata vidole, na huyo rubani yuko peke yake, hana fundi. Mhandisi mwingine angeanza na mwendo kasi. Hawa walianza na pipa. Wakauza zaidi ya 1,600, na mteja mkubwa kuliko wote akawa jeshi la Marekani.

Baada ya hapo ni ukoo. Otter 1951. Caribou 1958, yenye mlango wa nyuma unaoshuka kama ubao wa kupakilia, gari linaingia lenyewe. Buffalo 1964. Caribou na Buffalo wazee wa hapa na wa Kenya wanazijua, majeshi yetu yote mawili yamezirusha. Kazi ya ndege zote hizo ilikuwa moja: kuruka na kutua pafupi. Wenzao Boeing wa Seattle na Airbus wa Toulouse wanashindana nani ataenda mbali, hawa wanashindana nani atatua kwenye shamba la mtu bila kung'oa mihogo.

Na mfalme wa hayo yote ni Twin Otter, abiria 19, injini mbili, aliyeruka mara ya kwanza tarehe 20 Mei 1965. East African Airways walikuwa nazo, na jumuiya ilipovunjika 1977 shirika letu likaendelea nazo. Ndizo nilizojifunzia kazi.

Nikwambie ilivyokuwa kutua Mafia nayo. Fundi alikuwa anasafiri na ndege, sanduku la spana nyuma, yeye kiti cha kulia mbele kama hakuna rubani msaidizi. Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni: mikono ya kuongezea gesi haiko chini kama kwenye ndege nyingine, inaning'inia darini. Injini ziko kwenye bawa, bawa liko juu ya kichwa, kwa nini waya uzunguke hadi sakafuni? Basi rubani anapandisha mkono juu kama anayeshika bomba la daladala. Tukikaribia anashusha flapu, na hapo unatakiwa ugeuke utazame bawa. Ukingo wote wa nyuma unashuka, kutoka mwilini hadi ncha, hata vile vibawa vya kulazia ndege upande vinainama pamoja nao, na katikati kuna nyufa mbili za makusudi za kupitisha upepo. Umeshamwona kunguru anavyotua juu ya ukuta, anavyotandaza manyoya yote na kuning'inia kidogo hewani? Ndivyo. Tunaingia kwa kilomita kama 130 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani lisiloona trafiki mbele. Tairi zikigusa, rubani anavuta ile mikono ya darini kurudi nyuma, mapanga yanajipinda na kusukuma upepo mbele badala ya nyuma, vumbi linatupita, tumesimama. Minazi bado iko mbali.

Kitabu chake kinasema mita 366 zinatosha kuruka na kuvuka kimo cha futi 50. Futi 50 ni mnazi wa makamo. Nimeona ikifanya.

Walipoacha kuiunda 1988 walikuwa wamefikisha 844. Watu wakaendelea kuililia, ndipo Viking, ambao wakati huo walikuwa wameshanunua michoro yake, wakaanza kuiunda upya miaka ishirini baadaye. Niambie gari gani limewahi kurudishwa kiwandani kwa sababu wateja wamekataa kusahau. Aprili 2001 kulikuwa na daktari mgonjwa kituo cha Ncha ya Kusini ya dunia, giza la majira ya baridi limeshaanza, na ndege iliyokwenda kumtoa ni Twin Otter.

Betri ya simu inaisha. Nitarudi kwenye hiyo Dash 8 yako.

Mruhuwiko

Shikamoo mzee. Kumbe nimeuliza swali dogo nimefungua bahari. Hilo la pipa nimelipeleka kazini tayari, jamaa amenyamaza kidogo halafu akasema "bado ni pangaboi". Kwa hiyo naomba unisaidie: hii injini inayozungusha panga na ile ya jeti zinatofautianaje? Na kama panga ni zuri hivyo, kwa nini wengine wameliacha?

FundiMstaafu

Marahaba mwanangu.

Chukua feni mbili za mezani. Zielekeze uso kwa uso, moja iwashe, nyingine usiichomeke kabisa. Ile isiyo na umeme inaanza kuzunguka yenyewe kwa upepo wa mwenzake. Hiyo ndiyo injini ya Twin Otter, inaitwa PT6, ya Pratt & Whitney wa Kanada, kutoka Longueuil, Quebec. Ndani yake kuna sehemu inayovuta hewa, inaibana, inachoma mafuta, inatoa moto. Moto huo ukitoka unakuta feni ya pili ambayo haijaungwa na ya kwanza kwa chuma chochote, ni upepo tu kati yao. Feni ya pili ndiyo inayozungusha panga. Inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, giaboksi inashusha hadi 2,200, vinginevyo panga lingeraruka.

Kichekesho chake ni kwamba imewekwa kinyumenyume. Hewa inaingia kwa nyuma, moshi unatokea mbele, karibu na panga. Ukiona Twin Otter au Caravan pale Dar imechafuka masizi jirani na pua, usidhani inaungua. Ndivyo ilivyozaliwa.

Jeti ni moto huo huo, mafuta hayo hayo, ndugu wa mafuta ya taa. Tofauti ni kwamba jeti inasukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa, panga linasukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo. Ukienda mbali na juu sana, jeti inashinda. Ukienda Dar hadi Songea, unapanda, unatulia kidogo, unashuka, panga linakula mafuta machache kwa kila kichwa. Aliyeliacha panga kaliacha kwa safari ndefu. Kwenye safari fupi hakuna aliyeliacha isipokuwa mwenye hela za kuchezea. Hata zile ATR za shirika jingine unazoziona hapo hapo Dar ni pangaboi, na injini zake zinatoka kiwanda hicho hicho cha Longueuil. ATR ni mpole, kama kilomita 510 kwa saa. Dash 8-400 inagonga 667. Bei ya haraka hiyo inalipwa kwa mafuta, sitaki kukudanganya.

Nimetaja PT6 nikakumbuka jambo. Ndege zinazoshinda baharini, Mafia, Zanzibar, Pemba, zinavuta chumvi. Chumvi inakaa kwenye vile vipanga vidogo vya kubana hewa, navyo ni vyembamba kama kucha. Dawa yake ni kuosha: unaizungusha injini kwa stata bila kuwasha moto, unapuliza maji safi yaliyochujwa, unaacha yatoke, halafu unawasha ikauke. Kila siku, jua likizama. Kampuni moja niliyofanyia kazi, siitaji, meneja aliona maji ya kuchuja ni anasa. Akasema tutumie ya kisima. Kisima cha Dar! Ukiyaonja unadhani ni supu. Tulikuwa tunatoa chumvi ya baharini na kupaka ya nchi kavu. Nikaandika kwenye daftari la ndege mara tatu, mara ya tatu kwa herufi kubwa. Miezi ikapita, marubani wanaanza kulalamika joto la injini ya kushoto linapanda kwa nguvu ile ile. Tukafungua. Vipanga vimejaa vitobo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Injini ikafungwa kwenye kreti, ikapelekwa ng'ambo kwa ukarabati, ndege ikalala wiki nyingi bila kuingiza hata senti. Maji ya kuchuja yakaanza kuletwa kwa madumu bila mtu kuomba.

Nimetoka nje ya mada. Samahani.

DadaWaKabini

Shikamoo mzee. Mimi nimetumika ndani ya hizi Dash, nikaanza na ile ya viti 50 kabla hazijaja hizi ndefu. Tofauti ya kelele ni kubwa. Kwenye ndefu unaweza kumuuliza abiria wa siti ya nyuma chai au juisi akakusikia mara ya kwanza. Niliambiwa kazini kuna "maspika ukutani". Sikuwahi kuelewa, nikawa nawajibu abiria hivyo hivyo kwa kujiamini.

Halafu kuna jambo lilikuwa linanichekesha kila siku. Dakika chache baada ya kuruka sauti inashuka ghafla, na wageni wote wanashika mikono ya siti kwa mpigo mmoja wakidhani injini imezima. Mama mmoja wa Mwanza aliwahi kunishika mkono mimi badala ya siti, hakuniachia hadi tulipovuka Dodoma.

FundiMstaafu

Marahaba binti yangu. Hao abiria wako wana masikio mazuri, sauti inashuka kweli. Panga la Dash 8-400 lina mapanga sita, upana wake toka ncha hadi ncha ni mita 4 na kidogo. Wakati wa kuruka linazunguka 1,020 kwa dakika. Mkishapanda rubani anapunguza hadi 900, mkitulia juu 850. Injini haijapungukiwa pumzi, panga limebadilisha pembe tu, linachota hewa zaidi kwa mzunguko mmoja. Ni kama kubadilisha gia ya gari kwenye tambarare.

Na maspika yako, hukudanganya sana. Nyuma ya zile kuta za plastiki kuna vipaza sauti vidogo vinavyosikiliza, vinapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta inaamuru vyuma fulani vilivyofungwa kwenye mbavu za ndege vitikisike. Vitikisike kinyume. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma anapokuja kwako badala ya anapoondoka, bembea inakufa. Mtikisiko wa panga unakuja, chuma kinasukuma upande wa pili, vinakutana vinauana. Walianza kuziweka 1996, na ndiyo ile Q mnayoiona kwenye jina Q400. Q ni ya "quiet", kimya kwa Kiingereza.

Hapo sasa ndipo kijana wa kazini kwake Mruhuwiko anapokosea. Panga kwa nje ni lile lile la mababu. Mababu hawakuwa na bati linalotikisika kwa amri ya kompyuta.

Na Dash 7 nisiipite. Hiyo ndiyo dada mkubwa wa ndege yako, injini nne, abiria 50, 1975. Nilikuwa naitazama Wilson kila asubuhi, Airkenya walikuwa nazo. Mapanga makubwa yanazunguka polepole, kimya cha ajabu kwa ndege ya kimo kile. Tarehe 27 Juni 1982 waliichukua moja wakaitua Heron Quays, kwenye gati za zamani za meli mashariki mwa London, kuonesha kwamba ndege ya abiria inaweza kuingia mjini bila kuvunja vioo vya watu. Miaka mitano baadaye ukafunguliwa uwanja wa London City. Kibiashara Dash 7 haikufika mbali, waliunda 113 tu, injini nne ni gharama. Wakaondoa mbili, wakapunguza kidogo ile habari ya kutua pafupi, ikatoka Dash 8, ikaruka tarehe 20 Juni 1983. Ya kwako, ile ndefu, ni ya 1998.

Mdadisi_Msalato

Mzee heshima yako, lakini naona uzi umekuwa wa sifa tupu. Ule mguu ambao Mruhuwiko ameupenda dirishani, SAS, shirika la ndege la Skandinavia, walilia nao. Septemba 2007 ndege mbili za aina hiyo, moja Aalborg, moja Vilnius, mguu ulikunjika wakati wa kutua, siku chache tu kati yake. Oktoba ikawa ya tatu, Copenhagen. SAS wakaziondoa zote wakasema hatuzitaki tena. Hilo nalo ni uvumbuzi?

FundiMstaafu

Mdadisi, nilikuwa nasubiri nani atalileta. Karibu.

Yote uliyosema ni kweli, na namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Ile ya Aalborg, ule mkono unaoshusha mguu una ncha iliyofungwa kwa nyuzi, kama skrubu. Ndani ya nyuzi hizo kutu ilikuwa inakula bila kuonekana, ncha ikachomoka, mguu ukashuka kwa kishindo chake wenyewe na ukashindwa kujifunga. Ya Copenhagen ilikuwa na sababu nyingine, kipete kidogo cha mpira kilipotea njia kikaziba tundu la mafuta ya haidroliki. Kipete! Unaweza kukivaa kidoleni.

Mguu wa Twin Otter haukunjiki. Umesimama pale pale hewani na ardhini, mbaya wa sura, lakini hauna cha kugoma. Mara tu unapotaka mwendo wa 667 unalazimika kuukunja, na ukiukunja umenunua pete, skrubu, vifuniko na swichi, kila kimoja na siku yake ya kuharibika. Baada ya 2007 tulikuwa tunafungua zile ncha na kuzitazama kwa taa na kioo hata pale ambapo ratiba ilikuwa haijafika.

Na kama unataka la kuuma zaidi, rudi kwa mzazi wao wa Uingereza. De Havilland ndio waliotengeneza Comet, jeti ya kwanza duniani kubeba abiria wa tiketi, 2 Mei 1952, London kwenda Johannesburg, ikapitia Entebbe. Mwaka 1954 mbili zilipasuka angani karibu na Italia. Walichofanya wachunguzi kule Farnborough, Uingereza, ni kuchukua mwili wa Comet nyingine, wakauzamisha kwenye tangi la maji, wakawa wanaujaza na kuutoa presha tena na tena, mchana na usiku, hadi ukachanika. Ufa ulianzia kwenye kona ya uwazi. Bati lilikuwa limechoka, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Darasa langu la kwanza kabisa la ufundi lilikuwa hilo, kabla hatujaruhusiwa kugusa spana. Comet iliyoimarishwa, ya nne, East African Airways waliinunua na kuirusha kuanzia 1960. Marehemu baba alikuwa mpakiaji mizigo Dar, alikuwa anatuonesha kovu la kidole alichobanwa na mlango wake wa mizigo kama vile ni nishani.

Kwa hiyo sibishi. Nilisema tangu mwanzo nina upendeleo, sikusema sina macho.

Chapakazi

Hiki kiti nilichoweka sitakiondoa. Mzee, bado wanaunda hizi ndege?

FundiMstaafu

Twin Otter ndiyo. Dash 8-400 mpya walisimamisha 2021, na kile kiwanda cha Downsview pale Toronto walichokaa tangu 1929 wamehama, ardhi ilishauzwa. Wametangaza kujenga makao mapya mkoa wa Alberta. Kazi kubwa sasa ni kuhudumia zilizopo, na zilizopo ni nyingi.

Mruhuwiko

Mzee, asante sana, na dada, na Mdadisi pia, maana bila wewe jamaa wa kazini angenishika na hiyo ya SAS. Narudi Dar Jumamosi. Nikiambiwa nichague siti, nikae wapi nione mguu ukiingia lakini nisiwe kiziwi?

FundiMstaafu

Dirishani, hatua chache nyuma ya panga. Usikae sambamba nalo, hapo ndipo kelele inapopiga ukuta. Bawa liko juu, halitakuzuia. Ukisikia mlio wa haidroliki usitazame simu, mguu hausubiri. Vifuniko vikishafunga, anza kusikiliza sauti, utaisikia inashuka ile ya dada wa kabini. Ukimwona mama wa Mwanza, mpe mkono.